Risiti ya Kilwa

Katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale mjini Lisbon kuna chombo cha dhahabu ambacho Mkatoliki yeyote wa Bagamoyo au Peramiho angekitambua bila kuambiwa. Ni monstransi, ile inayowekwa Ekaristi ili waumini waiabudu. Wareno wanaiita Custódia de Belém. Ina kimo cha zaidi ya sentimeta 70. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka sehemu ya kioo, mavazi yao yametiwa enameli ya rangi. Juu yao kuna njiwa wa Roho Mtakatifu, na juu kabisa ameketi Mungu Baba. Kwenye shina kuna matufe ya falaki, nembo ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Sonara anayetajwa ni Gil Vicente, na wasomi bado wanabishana kama ndiye yule yule mwandishi wa tamthilia.

Sijawahi kufika Lisbon. Monstransi hii nimeiona kwenye skrini ya kompyuta, nikiikuza picha mpaka ikaanza kuchanikachanika, kwa sababu nilichokuwa nakitafuta si mitume wala njiwa. Nilikuwa natafuta maandishi yanayozunguka kitako. Yanasema, kwa maneno yangu, kwamba Mfalme Manuel aliagiza chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Quiloa ni Kilwa. Kilwa hii ya Kisiwani, ambayo wengi wetu tuliisoma darasani kama jibu la swali la alama mbili: taja miji mitatu ya pwani iliyostawi kwa biashara ya Bahari ya Hindi.

Nasoma historia ya uchumi, ngazi ya uzamili, na kazi yangu kubwa ni kukaa na karatasi za hesabu za watu waliokufa. Kwa hiyo kuna tabia imeniingia: kila kitu nakiangalia kama ukurasa wa daftari. Nilipousoma ule mstari wa kitakoni niliona kuwa nao ni hesabu. Kuna jina la aliyelipa, Kilwa. Kuna jina la aliyepokea, Manuel. Kuna matumizi, yaani chombo chenyewe. Kuna tarehe ya kufunga hesabu, 1506. Viwili tu havipo: kiasi kilicholipwa, na sababu ya kulipa.

Makala haya ni uhakiki wa namna tunavyosoma hesabu za aina hii, sisi tunaojiita wanahistoria wa biashara. Nataka kueleza kwamba tumejifunza vizuri sana kutafuta kile kiasi, na kwamba ile sababu tumeiazima kwa mpokeaji bila kuikagua. Mimi mwenyewe nimeiazima, na nitasema wapi.

Tuanze na kiasi, kwa kuwa kinapatikana. Vasco da Gama aliingia bandari ya Kilwa Julai 1502, safari yake ya pili, akiwa na merikebu nyingi na mizinga. Kabla ya kuondoka aliacha barua kwa manahodha wa Kireno ambao wangefika baada yake. Barua hiyo imebaki, na ni miongoni mwa nyaraka za ajabu nilizowahi kusoma. Anaeleza kwamba alitaka kufanya amani na urafiki na mfalme wa Kilwa, kwamba mfalme alikosa adabu na hakutaka kuonana naye, kwamba yeye Gama alijiandaa kumwangamiza na kusogeza merikebu mbele ya nyumba yake, na kwamba hapo ndipo mfalme alipokubali kulipa mithkali 1,500 za dhahabu kila mwaka, na za mwaka ule akazitoa papo hapo. Mithkali moja ni gramu nne na kitu. Jumla yake ni zaidi ya kilo sita za dhahabu.

Hiyo ni risiti. Ina mlipaji, ina kiasi, ina tarehe, inaeleza malipo ni ya nini. Ukiisoma kama mhasibu, haina kasoro. Lakini hebu isome kama unavyosoma hadithi fupi. Msimulizi anafika kwa amani. Mwenyeji anakuwa na kiburi. Msimulizi analazimika. Mwenyeji anajirudi. Mwisho ni urafiki. Neno la kuangalia ni hilo la adabu. Sultani Ibrahimu, mtu mwenye bandari, anaadhibiwa kwa kutopokea mgeni ambaye hakumwita, na faini ya utovu wa adabu inageuka kodi ya kila mwaka. Barua haijaficha kitu. Mizinga imo ndani yake, wazi kabisa. Ila imepangwa kwa namna ambayo mizinga ni jibu, na kosa limetangulia.

Sasa weka pembeni yake maandishi mengine. Kilwa ilikuwa na historia yake iliyoandikwa kwa Kiarabu, ile tunayoiita Tarehe ya Kilwa. Nakala tunayoitegemea ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, Sultani Barghash akampa balozi wa Uingereza John Kirk, na leo iko London. Haikukamilika, sura zake za mwisho hazimo. Lakini inafika hadi kuja kwa Wareno. Mwandishi anasema kwamba habari za wageni hawa zilipokuja, wenye kujua walithibitisha kuwa ni watu wabaya waliokuja kuipeleleza nchi. Kisha anasimulia jinsi nahodha mmoja wa Kireno alivyotaka sultani au mwanawe apande merikebuni kuzungumza naye. Wakuu wa mji wakashauriana. Wakamchukua mtu mmoja wa heshima, wakamvika mavazi ya kifalme, wakampeleka yeye.

Nilicheka niliposoma hapo. Kisha nikaacha kucheka, maana nilielewa maana ya lile neno adabu upande wa pili. Kile ambacho barua ya Gama inakiita kukosa heshima, mji ulikuwa unakifanya kama tahadhari ya kawaida: mgeni usiyemjua humpelekei mwenye nyumba mpaka chomboni mwake. Maandishi mawili, bandari moja, miaka michache tu kati ya tukio na tukio. Ukisoma moja peke yake, kodi inaonekana ina sababu. Ukisoma yote mawili, kinachobaki ni kwamba mmoja alikuwa na mizinga.

Na kuna jambo la tarehe. Kilwa ililipa mara ile moja, 1502. Gama akarudi Ureno 1503 na dhahabu. Miaka iliyofuata malipo hayakufika. Julai 1505 Francisco de Almeida alitia nanga Kilwa na kundi kubwa la merikebu, akateremsha askari, sultani akakimbia, mji ukaporwa, ngome ikaanza kujengwa, na mtu mwingine akavishwa taji. Miongoni mwa madai dhidi ya Ibrahimu lilikuwamo lile la malimbikizo ya kodi. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa kuchomwa moto. Kwa hiyo sonara alipomaliza kazi yake 1506 na kuchora kwa fahari kwamba hii ni dhahabu ya kodi ya Kilwa, mlipaji alishaondolewa kwenye kiti chake. Mwaka 1512 Wareno wenyewe waliiacha ngome ya Kilwa kwa kuwa haikuwa na faida. Monstransi bado inang'aa. Hakuna mahali kwenye kitako pake palipoandikwa kuwa mteja alifilisiwa.

Wanahistoria wamelisomaje jambo hili? Nitawataja watatu, kwa sababu ndio waliokaa mezani kwangu mwaka mzima.

Wa kwanza ni Justus Strandes. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1899, na kwa miaka mingi kilikuwa ndicho masimulizi kamili zaidi ya kipindi cha Wareno pwani yetu. Tafsiri ya Kiingereza ilitolewa 1961. Strandes hakuwa profesa. Alikuwa mfanyabiashara wa kampuni ya Hansing ya Hamburg, iliyokuwa na nyumba yake ya biashara Zanzibar. Jina la kitabu kwa Kijerumani linazungumzia kipindi cha Wareno cha Afrika Mashariki ya Kijerumani na ya Kiingereza. Tafakari jina hilo kidogo. Pwani moja, dola tatu, na wenyeji hawajaingia hata kwenye jalada. Ndani mna kazi ya kweli, nyaraka alizozitafuta kwa bidii, tarehe ambazo bado tunazitegemea. Lakini hadithi inatembea na nahodha. Nahodha akiondoka Kilwa, nasi tunaondoka. Aliyebaki ufukweni akihesabu hasara hatuoni alifanya nini kesho yake.

Wa pili ni Niels Steensgaard, Mdenmaki, na kitabu chake cha 1973 kuhusu merikebu, misafara na makampuni. Huyu alinifumbua macho. Akifuata wazo la Frederic Lane, mwanahistoria wa Venice, anasema tusiitazame himaya ya Wareno ya Bahari ya Hindi kama mfanyabiashara. Bidhaa yake kuu ilikuwa ulinzi. Mwenye chombo alilazimika kuchukua hati ya ruhusa, cartaz, na kupita katika bandari za Wareno kulipa ushuru. Asiyekuwa nayo, chombo chake na mali yake vilikuwa halali kwa atakayemkamata. Ulinzi wenyewe ulikuwa hasa dhidi ya Wareno wale wale. Kila mtu aliyewahi kuegesha gari Kariakoo analijua fundisho hili: kijana anakuja, anakuambia, bosi, nikuangalizie gari? Unampa mia tano, na wote wawili mnajua unalipia nini.

Nadharia hii ina nguvu kwa sababu inaingiza nguvu ndani ya hesabu. Haisemi kulikuwa na biashara hapa na vita pale. Inasema vita ilikuwa njia ya mapato. Lakini nilipoijaribu Kilwa niligonga ukuta. Ikiwa kila anayetoza anauza ulinzi, basi na sultani wa Kilwa alikuwa anauza. Na ni kweli alitoza. Diogo de Alcáçova, Mreno aliyekuwa Sofala, aliandika barua ndefu kwa mfalme wake Novemba 1506 akieleza ushuru mzito ambao Kilwa ilikuwa ikitoza nguo zilizopita kwenda kutafuta dhahabu. Takwimu zake za dhahabu zinaonekana zimetiwa chumvi, lakini hakuna sababu ya kuona ule ushuru kuwa ni uzushi. Kilwa ilitajirika kwa kukaa kati ya nguo za Kambay na dhahabu ya bara, na haikuwa ikikaa hapo kwa hisani.

Kwa hiyo siwezi kuandika hadithi ya mji mwema na mgeni mwovu. Dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, kwa mikono ya wanaume na wanawake ambao hawatajwi kwenye barua ya Gama, wala kwenye Tarehe ya Kilwa, wala kwenye monstransi. Ukitaka kumtafuta aliyepunjwa, ni lazima ushuke mpaka kwenye shimo.

Lakini nadharia ya ulinzi, kwa kuyaweka malipo yote kwenye safu moja, inafuta tofauti ambayo mfanyabiashara wa wakati ule angeitaja bila kufikiri. Ushuru wa Kilwa ulilipwa na mtu aliyekuja kwa hiari yake kwa sababu Kilwa kulikuwa na bandari nzuri, wanunuzi, kadhi wa kuamua kesi, na sarafu za shaba zilizotiwa majina ya masultani, maandishi ya upande mmoja yakitiana vina na ya upande wa pili. Ushuru ukizidi, angeweza kujaribu Mombasa au Malindi. Mithkali 1,500 za mwaka 1502 zilinunua nini? Zilinunua mwaka mmoja bila kuchomwa, au hata huo haukuwa na dhamana.

Kiswahili chenyewe kina ushahidi hapa. Karne ya 19, misafara iliyokwenda bara ililipa hongo kwa watemi ambao ilipita nchini mwao. Lilikuwa neno la kawaida la malipo ya njia. Wasafiri wa Kizungu waliliandika kwa hasira, wakiliona kama unyang'anyi wa washenzi. Leo hongo ni rushwa, ni kosa la jinai. Malipo ambayo mtemi wa Ugogo alitoza kwa maji na njia yake yamekuwa jina la uhalifu. Malipo ambayo Gama alitoza kwenye bandari ya mtu mwingine yameandikwa kwa herufi za enameli chini ya miguu ya mitume. Sidai kwamba neno lilibadilika kwa sababu ya Wareno. Nasema tu kwamba maneno ya kodi hayana hatia, na anayeandika historia ya uchumi bila kuyakagua anabeba hukumu ambayo hakuitoa yeye.

Wa tatu ni Michael Pearson, na kitabu chake cha 1998 kuhusu miji ya bandari na wavamizi. Huyu ndiye ninayempenda zaidi, na ndiye ninayegombana naye zaidi. Pearson aliandika dhidi ya masimulizi ambamo historia ya bahari inaanza na Wareno. Anaonyesha kwamba biashara ya pwani ilikuwa ya zamani, pana, na kwamba wavamizi hawakuweza kuitawala walivyotamani. Walikuwa wachache, bidhaa zao hazikutakiwa, na watu waliwazunguka. Yote ni kweli, na ilibidi isemwe. Ila hoja ya athari ndogo ni hoja ya jumla. Ukijumlisha bahari yote, athari ni ndogo. Ukisimama Kilwa mwaka 1506, wafanyabiashara wameondoka, sultani yuko mafichoni, na ngome imekaa bandarini, neno ndogo linakosa mahali pa kukaa. Wastani haumfariji aliyefilisika. Nadhani Pearson alilijua hilo. Lakini vitabu vilivyonukuu hoja yake, na tasnifu za wanafunzi kama mimi, zimechukua jumla na kuuacha mji.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Sura ya pili ya tasnifu yangu inahusu Sofala, ambako Pêro de Anaia alianza kujenga ngome 1505. Mpango ulikuwa rahisi: ghala la mfalme wa Ureno liwe mnunuzi pekee wa dhahabu. Haukufanikiwa. Bidhaa zilizotoka Ulaya hazikupata soko. Watu wa bara walitaka nguo za pamba za Kambay na shanga walizozizoea, na walijua ubora wake kwa kuzishika tu. Wareno wakalazimika kuzitafuta nguo zile zile za Wagujarati, kwa kununua au kwa kuteka vyombo. Sheikh Yusufu wa Sofala, mzee kipofu, aliuawa 1506 baada ya ngome kushambuliwa. Na dhahabu ikapungua ghalani, kwa sababu wafanyabiashara Waislamu waliihamisha njia. Wakajikusanya Angoche, wakatumia mto Zambezi, wakapeleka nguo bara bila kupita mbele ya ngome. Wareno waliishambulia Angoche 1511, na bado biashara iliendelea.

Niliandika hivi: "Mapato ya Sofala yalishuka kutokana na kukithiri kwa magendo ya Angoche." Nilifurahi na sentensi hiyo. Ilikuwa fupi, ina sababu na matokeo. Msimamizi wangu akaandika pembeni kwa penseli maneno matatu: kwa mujibu wa nani?

Nilijua jibu, na ndilo lililoniudhi. Kwa mujibu wa karani wa ghala. Nyaraka nilizotumia zimo kwenye ule mkusanyo mkubwa wa nyaraka za Wareno Msumbiji na Afrika ya Kati, ulioanza kutolewa Lisbon mwaka 1962, Kireno ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili, kwa ushirikiano wa wasomi wa Ureno na hifadhi ya nyaraka ya Rhodesia na Nyasaland. Serikali mbili za kikoloni zilinichagulia nisome nini, na ni kazi safi, siwezi kuwalaumu. Lakini ndani ya barua zile kila nguo isiyopita ghalani ni wizi. Watu wa Angoche walikuwa wakifanya biashara ile ile waliyoifanya kabla Gama hajazaliwa. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijenga ngome akatangaza kuwa yao ni haramu. Nami, baada ya miaka 500, nikatia sahihi tangazo hilo kwa Kiswahili.

Likizo ile nilikwenda Tanga kwa bibi yangu. Nilikuwa na ile karatasi, naye akaniuliza nasoma nini kinachonikunja uso. Nikamwambia, bibi, naandika habari za magendo ya zamani. Akacheka. Miaka ya mwanzo ya 1980 bibi alikuwa akiuza leso. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, maduka hayana kitu, na leso zilitoka Mombasa kwa mashua na kwa njia za porini. Ilipoanza kampeni ya wahujumu uchumi mwaka 1983, alizifukia korija mbili chini ya banda la kuku. Alipozifukua nyingine zilikuwa zimeoza.

"Lakini bibi, hayo si ndiyo magendo yenyewe?" nilimwuliza.

"Hilo ni jina la redioni, mwanangu," alisema. "Sisi tulikuwa tunasema tunatafuta."

Sitaki kulifanya jibu la bibi kuwa hukumu. Sheria ya 1983 ilikuwa ya nchi yetu wenyewe, katika hali ngumu, na walikuwepo waliolangua vyakula watu wakiwa na njaa. Kulinganisha serikali iliyojaribu kugawa sabuni na ngome ya Mreno ni uvivu. Nilichochukua kwa bibi ni kidogo zaidi: kwamba kazi ile ile ina majina mawili, na kwamba jina linaloingia kwenye nyaraka ni la mwenye nyaraka. Ukitaka lile la pili ni lazima ulitafute kwingine.

Kwingine wapi? Wapo wanaosema lugha. Kiswahili kimejaa maneno ya Kireno: meza, kasha, bweta, bendera, mvinyo, karata, parafujo, padri. Leso yenyewe ni lenço, kitambaa cha mkononi, na inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walishona vitambaa hivyo vikawa vazi moja. Gereza ni igreja, kanisa. Na Kilwa Kisiwani magofu ya ngome yanaitwa Gereza hadi leo, ingawa kuta zinazoonekana ni za Waomani waliojenga juu ya mabaki ya Kireno. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa jela. Nimesikia mhadhara mzima ukijengwa juu ya neno hilo, na ukumbi ukapiga makofi.

Nami nilipiga. Lakini makofi yakiisha, msamiati ni daftari baya. Hauna kiasi, hauna tarehe, hauna mlipaji. Neno kasha haliniambii kama kasha la kwanza lilinunuliwa, lilitolewa zawadi au lilitekwa. Unatuonyesha kwamba watu walishikana na vitu vikapita mikononi. Zaidi ya hapo ni sisi tunaotunga. Mhakiki wa fasihi anaweza kuridhika na gereza. Mwanahistoria wa uchumi anatakiwa kuuliza ngome ile ilikuwa na askari wangapi na walilipwa na nani. Nadhani kazi nzuri inataka yote mawili: kuisoma hesabu kama maandishi yaliyotungwa na mtu mwenye nia, na kuyasoma maandishi kama kitu kilichogharimu pesa.

Rafiki yangu mmoja, nilipomweleza haya yote, aliuliza swali ambalo watu wa rika letu wanauliza haraka: basi si irudishwe? Nilifikiria. Irudi kwa nani? Kilwa Kisiwani leo ni kisiwa cha wavuvi na magofu yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Ibrahimu hana kiti. Wachimbaji wako upande wa pili wa mipaka ya nchi mbili. Dhahabu imeshayeyushwa na kupewa umbo la imani ya watu wengine, na waliopo Kilwa wengi ni Waislamu. Sina jibu, na sidhani kwamba kukosa jibu kunaipa Lisbon haki. Ninachojua ni kwamba kabla ya kudai kitu ni lazima uweze kusoma risiti yake, na hii imekuwa wazi kwa miaka zaidi ya 500. Haikufichwa kwenye hifadhi. Imeandikwa juu ya kitu chenyewe, nani alilipa. Kila anayesimama mbele ya kabati lile la kioo anapita juu ya jina la Kilwa akielekea kwenye uso wa mtume.

Niliporudi chuoni niliifuta ile sentensi. Nilijaribu kadhaa. Iliyobaki, ambayo msimamizi hakuiandikia kitu pembeni, ni hii: "Wafanyabiashara wa Angoche waliendelea kupeleka nguo bara kwa njia ambazo ghala la Sofala halikuweza kuzitoza, na karani wa ghala aliziandika nguo hizo kama hasara ya mfalme." Ni ndefu kuliko ya kwanza. Karani yumo, na nguo zimo, na hasara imepata mwenyewe.